Koti la Bonge

Kuvu ilikuwa imeota mabegani mwa koti la ngozi la baba, nyeupe kama jivu la sigara. Niliifuta kwa kitambaa chenye maji na siki, nimeketi barazani kivulini, maana ngozi ikipigwa na jua hukakamaa. Baba alinitazama kutoka kitandani kupitia mlango ulioachwa wazi.

“Polepole, mwanangu. Huyo ng'ombe alishakufa mara moja.”

Alikuwa dereva wa lori, na enzi zake watu walimwita Bonge. Akishiba, zipu ya koti lile ilikuwa haifungi. Ugonjwa ulikuwa umemla mpaka jina likawa kama dhihaka. Mdogo wangu alikuwa karibu kuolewa, na baba aliniomba nilipunguze koti avae siku hiyo.

“Sitaki wakwe wadhani nimeazima nguo.”

Mama alinivuta jikoni. “Ngozi ukishaikata, imekatwa. Akipona je, atavaa nini?”

Nyumba nzima tulijua, ila hakuna aliyethubutu kutamka. Sasa mkasi wangu ndio ungetamka.

Nilimvalisha akiwa ameketi, nikabana mbavu za koti kwa vibanio vya nguo, kwa sababu pini ikitoboa ngozi, tundu halizibi. Kila upande nilishika ngozi ya kujaa kiganja. Baba aliitazama ile ngozi ya ziada, kulia, kisha kushoto.

“Kata,” akasema.

Nikafumua bitana ya ndani, nikakata. Sindano niliisukuma kwa kastabani ya chuma niliyoivaa kidoleni, tundu baada ya tundu, hadi kidole kikafa ganzi. Nilipomvalisha tena, koti lilipwaya. Nilikuwa nimemshonea mtu wa wiki iliyopita.

“Unashona polepole kuliko ninavyokonda,” akasema, akacheka mpaka akakohoa. Nami nikacheka. Kisha nikaenda nyuma ya nyumba, nikalia nimeuma kanga nisisikike. Niliporudi, nilifumua mishono nikaanza upya.

Harusi hakuifikia.

Baada ya mazishi, kaka yetu mkubwa, aliyekuwa akiishi mbali, alilitoa koti kabatini. Tangu utotoni alikuwa akiambiwa litakuja kuwa lake. Akaingiza mkono mmoja. Wa pili ukakwama kwenye kiwiko. Akasimama katikati ya sebule, nusu amevaa, macho yakimjaa maji.

“Nani ameliharibu?”

Nikafungua mdomo. Mama akaniwahi.

“Ni mimi niliyemwambia akate.”

Nilimgeukia. Hakunitazama. Alimsogelea kaka, akamvua koti taratibu, mkono mmoja kwanza, kama mtu amvuavyo mtoto aliyepitiwa na usingizi. Akalikung'uta, akalikunja, bitana ikiwa nje.

“Njooni mle,” akasema. “Chakula kinapoa.”