Mpini wa Siti

Mjini Kasulu, mtu akiwa na kisu kinachomchubua kiganja hakitupi. Anampelekea Lukmani.

Lukmani hakuwa fundi, na ukimwita fundi alikukatalia. Yeye alikuwa muuza vitenge karibu na soko, mtoto wa watu wa Ujiji waliopanda milimani na biashara zao wasirudi tena ziwani. Mipini ya visu ilikuwa starehe yake tu. Wenzake wakishaswali alasiri walikaa barazani kucheza bao na kuwasema watu. Yeye alizunguka nyuma ya nyumba, akabana kisu cha mtu kwenye jiliwa, akang'oa mpini mbovu na kuanza kuchonga mwingine. Hela hakupokea. Kuku alipokea, maana kuku si hela.

Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi, na hakuna aliyemfundisha. Ukimletea kisu, kisu chenyewe hakukitazama kwanza. Alichukua kijiti, akakizungushia udongo wa vyungu uliokandwa ukakandika, akakwambia, "Shika kama unakata nyama." Ukishika, ukaachia, kiganja chako chote kimebaki pale, vidole vinne huku na gumba kule. Udongo ukakaushwa kwenye rafu, na mpini ukachongwa kuufuata. Mninga kwa wapishi, mkurungu mwekundu kwa wachinjaji, kwa sababu walisema damu haionekani. Halafu msasa mkali, msasa laini, na mwisho nta ya nyuki kutoka Kibondo, iliyoyeyushwa na mafuta kidogo na kusuguliwa kwa kipande cha kitenge mpaka mti ung'ae. Watu waliapa kwamba kisu cha Lukmani kinakata chenyewe. Uongo, lakini uongo wa shukrani.

Rafu ile ilijaa mikono ya nusu ya mji. Mkono mmoja tu ulikosekana, na ndio uliomkera: wa mkewe, Siti.

Kisu cha Siti kilikuwa aibu ya nyumba. Mpini ulikuwa mweusi kwa moshi, umeungua kwa nyuma, na ubavuni umelika mpaka ukawa na bonde, utadhani panya walikaa nao kikao. Mashoga zake walimcheka. "Kinyozi hajinyoi, Siti. Mume anapamba visu vya wachinjaji, wewe unakatia hicho!" Siti alicheka nao. Ila Lukmani akinyoosha mkono kukichukua, kiliingia chini ya khanga upesi.

"Kisu changu kimenizoea, Baba Shadia. Wewe tengeneza vya watu."

"Vya watu nitengeneze, cha mke wangu nikiache? Watasemaje?"

"Watasema una mke mkaidi. Kwani si kweli?"

Lukmani alicheka, lakini moyoni neno lilimkaa. Aliamini mkewe anaidharau starehe yake, na mwanamume akidharauliwa starehe yake huumia kuliko akidharauliwa kazi yake. Kumfuata jikoni wakazungumza vizuri hakuweza. Jiko lilikuwa kibanda uani, na yeye alifundwa zamani: mwanamume akiingia jikoni anatafuta nini, ukoko? Chakula kilimfuata barazani kimefunikwa kawa, na vyombo vilirudi vilikotoka. Miaka yote ya ndoa ilikwenda hivyo, na hakuna aliyelalamika.

Mara moja tu Siti alilegea. Ilikuwa wiki ya harusi ya Shadia, mtoto wao wa pekee, nyumba imejaa wageni na yeye amejaa furaha. "Haya, lete huo udongo wako roho yako itulie." Akaushika kwa mkono wa kulia, akicheka, akauachia haraka kama mtu aliyeshika sufuria la moto. Lukmani akaomba na kisu.

"Mkono nimekupa," Siti akasema. "Kisu sijakupa."

Hata hivyo Lukmani aliridhika. Udongo ule aliuweka peke yake juu kabisa ya rafu, na wageni waliokuja nyuma ya nyumba aliwaonyesha huo kwanza.

Mwaka 2013, mvua za masika zikiwa ndiyo kwanza zimeanza, Siti alianguka uani akiosha vyombo. Ilikuwa presha. Jirani alitoa gari wakamkimbiza hospitali, Kabanga, na ndiko alikofia kabla jua halijazama. Walimzika kesho yake kwenye udongo mwekundu uliolowa, na Lukmani alirudi nyumbani viatu vimeganda tope, hajui hata avivulie wapi, maana siku zote kulikuwa na mtu wa kumgombeza avivue mlangoni.

Alihuzunika, na sitapamba. Alikonda. Chakula cha majirani alikila kwa adabu tu. Nyuma ya nyumba hakwenda, na mikono ya watu kwenye rafu ikaota vumbi.

Siku ya arobaini, hitima ilipokwisha, wanawake wa ukoo waligawana vitu vya marehemu. Khanga zilikwenda kwa mashangazi, vyombo vikaenda kwa wadogo zake. Shadia alikuwa amekuja kutoka Kibondo alikoolewa, mumewe karani ambaye siku hizo alishinda Kakonko, kwenye ofisi za wilaya mpya. Alikaa kwenye mkeka mpaka wenzake walipomaliza, ndipo akasema, "Mimi naomba kile kisu cha mama."

"Kile kibovu?" baba yake akauliza.

"Hichohicho."

Ndani ya Lukmani kitu kikaamka. "Niachie kwanza. Nitakukabidhi ukija Idi."

Shadia alifungua mdomo. Akawatazama mashangazi, akaufunga, akaufungua tena. "Usijisumbue, baba. Kama kilivyo tu."

Lukmani alisikia adabu ya mtoto aliyelelewa vizuri. Laiti angesikia maneno yenyewe.

Kesho yake alifuta vumbi kwenye jiliwa. Hakutaka mti mpya. Alitaka uleule Siti alioushika, ila usafishwe, upendeze, mtoto aupeleke kwa mumewe bila kuchekwa. Alitoa ribiti, zile pini za kushikia mpini, zilizoliwa na kutu, akatenganisha vipande viwili vya mpini na ulimi wa chuma, akaanza kukwangua moshi. Chini ya moshi mninga ulikuwa bado mzima, wa rangi ya asali. Alifurahi mpaka akaongea peke yake. "Umenikatalia miaka yote, Mama Shadia. Leo utanikatalia vipi?" Kisha akalia, kisha akaendelea kukwangua.

Jioni Nkunzimana, seremala wa jirani, aliingia na mabaki ya mbao kama kawaida yake. Alikuwa mtoto wa wakimbizi wa zamani wa Burundi, mtu wa maneno machache, na tangu msiba alikuwa akileta mbao hata pasipo na kazi.

"Mwihangane, mzee," akampa pole kwa Kirundi, akainama juu ya jiliwa. "Hili bonde nalo unalitoa?"

"Si uharibifu huu?"

"Sijui mimi. Naona kama limefanywa na mtu, siyo na panya."

"Limefanywa na wasichana wa kazi tuliokuwa nao zamani. Hawajui kushika kisu."

"Haya, mzee." Nkunzimana akaweka mbao zake chini, akaaga.

Maneno yale hata hivyo yalimsumbua, na Lukmani akaushusha ule udongo wa Siti kutoka juu ya rafu. Akaushika pamoja na mpini, akalinganisha. Kwenye udongo, gumba la Siti lilikaa upande huu. Kwenye mpini, bonde lilikuwa upande wa pili. Kimoja kati ya hivyo viwili kilidanganya, na Lukmani akaona ni mpini. Udongo ule aliukanda mwenyewe. Aliuona mkono wa mkewe ukiubana kwa macho yake. Alichukua msasa mkali, akasugua ubavu ule mpaka bonde likaisha, upande wote ukawa sawa kama meza. Vumbi la mninga lilimwagika mapajani mwake, akalikung'uta. Kisha, kwenye upande ambao udongo ulimwelekeza, akachimba pole pole mahali papya pa gumba.

Aliweka ribiti za shaba. Akatia nta, akasugua, akatia tena. Haikuwahi kutoka kazi nzuri kama ile nyuma ya nyumba yake, na wanaume wa bao, ambao hawakuwa watu wa kusifu, walikipokezana kisu, bao lao likasimama.

Shadia alikuja siku ya pili ya Idi, nywele nyekundu kwa vumbi la barabara ya Kibondo. Hata kabla ya kupumzika alikwenda jikoni kumpikia baba yake. Lukmani alimfuata mpaka mlangoni mwa kibanda, kisu kimefungwa kwenye kitenge kipya, akampa, akabaki pale kizingitini na tabasamu la mtoto aliyefaulu mtihani.

Shadia alifungua kitenge. Alikishika kisu kwa mkono wa kushoto, na gumba lake likaenda ubavuni moja kwa moja, bila kuangalia. Halikukuta kitu. Likasogea mbele, likarudi nyuma, likapapasa kama mtu anayetafuta kiberiti gizani. Akakigeuza kisu, akakitazama upande huu, akakitazama upande ule. Kisha akakumbuka kwamba baba yake amesimama pale, na kwa haraka akakihamishia mkono wa kulia.

"Kizuri sana, baba. Ahsante."

"Mbona umehamisha mkono?"

"Mazoea tu."

"Mazoea ya nini, Shadia?"

Shadia alikiweka kisu juu ya ubao wa kukatia. Ilionekana angependa kunyamaza, lakini alikuwa ametoka mbali na amechoka, na machozi yalishatangulia. "Mama alikuwa mashoto, baba."

"Nani? Siti? Siti amekula nami kwa mkono wa kulia, amenipa chai kwa mkono wa kulia..."

"Mbele yako. Huko Ujiji bibi yake alimfunga mkono wa kushoto kwa kitambaa mpaka akazoea. Akala kwa kulia, akaandika kwa kulia, akapokea kwa kulia. Kukata ndiyo hakuweza. Kwa hiyo alikatia humu, kwa mkono wake. Lile bonde lilikuwa gumba lake. Na mimi alinifundisha kuliweka hapohapo."

Lukmani alishika mwimo wa mlango. Wahenga walisema nyumba usiyolala ndani huijui ila yake. Hawakusema neno juu ya mtu anayelala humohumo na bado haijui. "Kwa nini hakuniambia? Ningemfanya nini?"

Shadia alipangusa machozi kwa ncha ya khanga. "Nilikuwa mdogo. Mgeni alinipa andazi nikalipokea kwa kushoto. Ulinichapa kiganja mbele ya watu, ukasema huo ni mkono wa chooni. Mama akanileta humu, akanipangusa, akaniambia: humu ndani kata unavyotaka, baba yako haingii."

Lukmani aliitafuta siku hiyo kichwani mwake. Hakuiona popote. Hilo ndilo lililomchoma zaidi, kwamba jambo lililowafungia watu wawili jikoni miaka yote kwake halikuacha hata alama.

Akaenda nyuma ya nyumba. Alirudi ameukumbatia ule udongo mkavu. "Na huu? Si mkono wake huu?"

Shadia aliupokea, akapitisha kidole kwenye vishimo vya vidole vya mama yake. "Ni wake pia, baba," akasema kwa upole. "Ni ule wa wageni."

"Nipe kisu. Nitalichonga bonde upya, upande ulikokuwa. Lilikuwa kina gani? Nionyeshe."

"Acha, baba. Utachonga la kwako. Litalika lenyewe nikikata."

Lukmani aliurudisha mkono aliokuwa ameunyoosha. Katika mji ule hakuna aliyejua kama yeye mninga ulivyo mgumu, na jinsi gumba la mtu linavyochukua umri mzima kuulainisha. Siku bonde hilo litakaporudi, yeye atakuwa ameshalala kwenye ule udongo mwekundu kando ya Siti. Na hata hivyo litakuwa la Shadia. La Siti alilikung'uta kutoka mapajani kwa mkono wake mwenyewe.

Alisimama kizingitini kidogo. Kisha akavua viatu, akainama chini ya paa la moshi na kuingia. Akavuta kigoda kilichokuwa karibu na mafiga, kigoda ambacho hakuwahi kukiona, akakikalia. Kilikuwa kifupi mno kwake.

"Kata," akasema. "Nione."

Shadia akashika kisu kwa mkono wa kulia.

"Siyo huo, mwanangu."

Akakihamisha. Mpini haukumkaa vizuri, ulimteleza mara mbili tatu, lakini mkono ulijua kazi yake. Kiwiko kilitoka nje kidogo, kiganja kikalala, kitunguu kikaanguka vipande vyembamba upande ambao Lukmani hakuutegemea.

"Ndivyo alivyokuwa akikata?"

"Ndivyo. Ila yeye alikuwa mwepesi zaidi, na alikuwa akiimba kidogo."

Lukmani hakujua pia kwamba alikuwa akiimba. Aliutazama mkono ule wa kushoto ukipanda na kushuka, na hakuondoa macho mpaka kitunguu cha mwisho kilipokatika. Shadia alipogeuka kutafuta sufuria, baba yake alikuwa ameshatoka pekupeku kwenda sokoni, akarudi amebeba vitunguu vingine, fuko zima, ingawa mboga ilikuwa imeshatosha.