Alama Kumi na Moja

...na zimebaki dakika sita, saa ya kuhesabia mezani inasema sita na sekunde kumi na nne, dakika sita za kungoja kabla ya kumwomba huyu mama ayarudie yale maneno kumi na tano aliyomsomea, kengele, sufuria, bustani, kikombe na mengineyo, na kwa dakika hizo kazi ya mtafiti msaidizi ni kukaa kimya na kutomkodolea mtu macho, ndivyo mwongozo unavyosema, kana kwamba leo angethubutu kumkodolea, mama wa watu, miwani yake imefungwa uzi mkono mmoja, amepewa penseli achore maduara ili akili isiyang'ang'anie maneno, naye anachora huku anajisemea, "Wodi ya wazazi mia mbili na nne, maabara mia mbili kumi na saba, famasia... famasia..." kwa sababu miaka thelathini alikuwa opereta wa simu hospitalini, alimwambia siku ya kwanza walipokutana, mwaka jana, akicheka, "Mwanangu, mimi sikufungua kitabu cha namba hata siku moja, madaktari walikuwa wakiniita mimi ndiye kitabu," na siku ile alikumbuka maneno tisa, tisa halali, aliyasikia kwa masikio yake akayaandika, hiyo tisa haina doa, ni kikao cha pili, baada ya mazoezi ya kumbukumbu, hapo ndipo penye uozo, kumi na moja, nani alisema kumi na moja, hakusema mtu, aliitunga yeye mtafiti, mchana mmoja, mlango umefungwa, chai pembeni inapoa.

Walitakiwa watu mia mbili waliomaliza vikao vyote viwili, wageni wa baraza linalogawa fedha za utafiti wangekuja Jumatatu, naye alikuwa na mia moja tisini na tatu, saba hawakutokea, wengine walihama, wengine simu hazipatikani, na huyu mama bintiye alipiga kuomba wasogeze siku, kulikuwa na msiba, akamjibu hakuna shida dada, poleni sana, halafu akakata simu akakaa akajaza karatasi saba. Profesa hakumtuma, hilo ndilo linalomchoma, laiti angemtuma angekuwa na wa kumlaumu, profesa alichungulia tu mlangoni akasema, "Jitahidi, wewe huniangushi," basi, na yeye akajitahidi, tena kwa ustadi, mkono wake ulibadilisha kalamu mbili ili zisifanane, hakuwapa alama za juu mno, aliwapa hata makosa, huyu mama alimwandikia "kikapu" badala ya "kikombe", akaona limekaa vizuri, mtu wa kweli angekosea hivyohivyo, akatabasamu... alitabasamu, Mungu wangu, peke yake chumbani, kama mtoto aliyechora picha ikapendeza. Na Jumatatu profesa akamwambia simama wakuone, akasimama, wakampigia makofi, na jioni baba yake akawa anawasimulia majirani, binti yangu ndiye anayepima akili za watu, kazi ya serikali hiyo, wala si mchezo.

"Hivi duara linafungwa au linaachwa wazi?" mama anauliza, naye anajibu vyovyote mama, vyovyote.

Asingejua barua ilifanya nini, leo angepima kama kawaida, kikao cha tatu, cha ufuatiliaji, lakini asubuhi hii pale koridoni bintiye alimshika mkono kwa mikono yote miwili, "Dada, ile barua yenu ilitupumzisha, tulishapanga kumpeleka kwa daktari wa mambo ya ubongo, ile ilipokuja imeandikwa kumbukumbu yake ni ya kawaida kwa umri wake, tena imeongezeka, tukaahirisha," na yeye akaitikia, aliitikia! akasema afadhali, neno gani hilo, afadhali, miezi saba imepita, na barua ile aliichapa yeye, akaipiga mhuri, akailamba bahasha. Zimebaki dakika nne na nusu. Na tazama akili ilivyo na mbio kwenye ubaya, kabla hata hajakaa kitini ilishampatia mlango wa kutokea, leo mama atapata alama ndogo, itaandikwa zimeshuka, miezi saba ni mingi, uzee huo, nani atauliza, profesa atatikisa kichwa kwa huruma na karatasi itaingia kwenye faili, na ameuona mlango huo upesi hivyo kwa sababu amezoea kuutafuta, amekuwa mtu wa namna gani, yeye ambaye kila asubuhi huwasomea watu fomu ya ridhaa, majibu yako yatatunzwa kwa uaminifu, weka sahihi hapa...

"Mwanangu."

"Naam, mama."

"Na hayo maneno uliyosema utanisomea, utanisomea saa ngapi?"

Penseli imesimama juu ya karatasi. Mama anamtazama kwa adabu, kama mtu aliyekaa foleni muda mrefu na hataki kuonekana msumbufu, na mtafiti anajua jibu la mwongozo, bado kidogo mama, endelea kuchora, analijua, liko ulimini, ni jepesi, na saa bado inakimbia, dakika tatu, profesa yuko chumba cha tatu tu kutoka hapa, kazi, baba, makofi yale, vyote vimepanga mstari vikimsihi anyamaze, na uso ule wa mama unangoja...

"Nilishakusomea, mama. Muda si mrefu." Kisha, kwa kuwa akikoma hapo hataanza tena, "Na ile barua niliyowatumia, alama zile nilizitunga mimi. Wewe siku ile hukuja. Nilijaza tu. Nitamwambia mwanao sasa hivi, na profesa."

Anangoja kufokewa, anaomba afokewe, lakini mama amevua miwani na kuishika mapajani, anafikiri, midomo inacheza polepole.

"Kwa hiyo si mimi niliyejibu vile."

"Si wewe, mama. Nisamehe."

"Maana napotea, mwanangu. Nikienda dukani napotea, namsahau mjukuu jina, nikisema, wananiambia mama unadeka, barua imesema u mzima. Nikaona basi ni uvivu wangu. Nikawa natia bidii." Anavaa tena miwani. "Basi sikuwa nadeka."

"Hukuwa unadeka."

Zimebaki dakika mbili, saa haijalia, na mama hajafoka, na yeye hajui aibu hii ataibeba namna gani, ila anajua sasa kwamba miezi saba alikuwa akimwonea haya profesa, na baba, na wageni wa Jumatatu, na kumbe hakuwahi hata mara moja kumwonea haya huyu.