Sabuni Isiyo na Povu

Mimi sipendi watu wanaouza vitu kwa tabasamu. Mwenye kitu kizuri hana haja ya kuchekacheka, kitu chenyewe kitajisemea. Kwa hiyo Muthoni alipoingia kwenye kiwanja changu cha kuosha magari hapa Kangemi, raba nyeupe kwenye tope na mitungi miwili ya buluu mikononi, nilimchukia kabla hajafungua mdomo.

"Sasa, mzee. Mimi naitwa Muthoni, natoka Waithaka. Natengeneza shampuu ya magari."

Shampuu! Miaka ishirini na miwili nimeosha magari kando ya Waiyaki Way, kuanzia pikapu za kubebea mboga za sukuma hadi gari la askofu, na sijawahi kuona gari lenye nywele.

"Hii haikuli rangi na haikuli mikono," aliendelea. "Nakuachia mitungi mbili, ya bure, ujaribu mwezi moja. Usipoipenda nakuja nachukua."

"Inatoa povu?"

"Kidogo tu. Povu sio ndio inaosha, mzee."

Nilicheka mpaka wateja wakageuka. Huyu alikuwa amesomea kemia chuoni, aliniambia mwenyewe bila kuulizwa, na hajui mteja wa Nairobi. Mteja wa Nairobi haangalii gari, anaangalia povu. Gari likifunikwa mpaka vioo visionekane, anakaa kwenye kiti cha plastiki, anaagiza chai, moyo unatulia. Usipompa povu anaona umemwoshea gari kwa maji ya mchele. Mimi povu nalijua. Sabuni ya unga nainunua kwa gunia River Road, natia kostiki, ile soda kali wanayopikia sabuni, nakoroga kwa mti. Hakuna tope la Kangemi linalosimama mbele ya mchanganyiko huo. Unachoma mikono, ndiyo. Kazi huchoma. Glavu ni za madaktari.

Ningemfukuza na mitungi yake. Lakini kulikuwa na jambo la Yvonne.

Yvonne ni binti yetu wa pekee, muuguzi huko Ujerumani, na alikuwa anaolewa hukohuko. Alipiga simu akilia. "Baba, mimi sitaingia kanisani peke yangu. Ni wewe utanitoa." Kwetu sisi, baba asiyemtoa binti yake ni marehemu au ni mlevi, na mimi nilikuwa hai na sinywi. Nilishonesha suti ya kijivu. Nikapanda na mke wangu Syokimau hadi mjini, ofisi ya viza. Yeye aliweka vidole kwenye kioo cha mashine, mashine ikalia, ikamkubali. Mimi nikaweka vyangu, ikanyamaza. Beryl, yule dada wa kaunta, akavipangusa kwa kitambaa, akavibonyeza kimoja kimoja, kisha akageuza kiganja changu juu kama mtu anayechagua nyanya.

"Mzee, unafanya kazi gani? Hizi vidole hazina alama. Zimelika zote."

Nilimwambia mashine yake ni mbovu. Hizi mashine zote ni mbovu. Hata simu aliyonitumia Yvonne, ile ya kufunguliwa kwa kidole, haijanikubali hata siku moja. Natumia namba, na nimeitukana matusi yote ya Kikamba ninayoyajua. Beryl alinipa wiki nne.

"Usiguse sabuni kali, ngozi itarudi. Lakini ikikataa tena, mzee, hakuna kitu naweza kufanya."

Syokimau alisema nikae kwenye kiti niwaangalie wenzangu wakiosha. Nimewaona wenye viwanja wanaokaa. Wananenepa vitambi, na magari yanatoka na mistari ya tope mlangoni. Gari likiletwa kwa Mutinda, yaani mimi, linaoshwa na Mutinda. Ndiyo maana, baada ya kucheka, nilipokea mitungi ya yule msichana. Niliipokea kwa ajili ya vidole vyangu. Yeye alidhani ameniuzia.

Siku ya kwanza nilianza na Prado nyeupe ya Norman, mwenye nyumba za kupangisha huko chini sokoni. Nilifuata maagizo yote: kifuniko kimoja kwa ndoo moja, kama dawa ya mtoto. Sitasema uongo, tope liliachia vizuri, na maji yaliteleza kwenye rangi yakaanguka. Lakini Norman alikuwa amesimama, chai hajaagiza, mikono kiunoni.

"Mutinda, kwani sabuni iliisha? Povu iko wapi? Ama siku hizi unaombea gari?"

Watu wakaangua kicheko. Mimi pia nikacheka, maana usipocheka unaonekana umeumia, na nilikuwa nimeumia. Nikabeba ndoo hadi nyuma ya banda. Nikachota vikombe viwili vya mchanganyiko wangu wa zamani, nikavimimina ndani ya shampuu ya Muthoni. Kidogo tu, kwa ajili ya sura. Povu likapanda mpaka likamwagika ukingoni. Norman akavuta kiti, akaagiza chai na mandazi mawili.

Kuanzia hapo ndivyo nilivyofanya kila asubuhi. Kifuniko kimoja cha shampuu, vikombe viwili vya povu. Wiki ya pili vikawa vitatu. Kila aliyeuliza nilimwambia ninatumia bidhaa mpya, nikionyesha mtungi wa buluu. Syokimau aliponiletea chakula cha mchana alinikuta nyuma ya banda nikichota mchanganyiko kwa kopo.

"Baba Yvonne, hiyo kopo ni ya nini?"

"Ya povu."

"Na vidole?"

"Si naosha na shampuu?"

Alinitazama, akatazama kopo. "Mdharau mwiba mguu huota tende," akasema, akaweka chakula chini, akaenda. Syokimau ni mwalimu wa nasari. Akikosa la kusema anatoa methali, kisha anaondoka kabla hujajibu.

Wiki nne zikaisha. Tulirudi mjini, mimi nikiwa nimevaa suti kabisa, kana kwamba mashine ingeona aibu. Beryl alijaribu vidole vyote kumi, kila kimoja mara tatu. Akavipaka losheni, akajaribu tena. Nyuma yangu watu walianza kukohoa.

"Pole, mzee," alisema mwishowe. "Harusi ni lini?"

"Jumamosi ijayo."

Aliinamisha macho kwenye karatasi zake. Pasipoti ya Syokimau ilikuwa na viza tangu wiki iliyotangulia. Yangu nilirudishiwa ilivyo.

Nilirudi Kangemi nikiwaka. Sikuvua hata koti. Nilimpigia Muthoni nikamwambia aje mara moja, kuna mteja mkubwa anataka mitungi hamsini, na alipofika anatweta kwa furaha nilimpeleka katikati ya kiwanja, mbele ya Norman na wateja wote.

"Mtazameni huyu!" nilipaza sauti. "Msomi wa kemia! Ati haikuli mikono. Mwezi mzima nimetumia maji yake ya bandia, na haya ndiyo matokeo!" Nikaviinua vidole vyangu juu. "Amenikosesha harusi ya mtoto wangu. Tapeli mkubwa, na hizo raba zake nyeupe!"

Safari hii hakutabasamu. Alitazama vidole vyangu muda mrefu, kisha ndoo iliyokuwa kando ya Prado, imejaa povu hadi juu.

"Shampuu yangu haiwezi kutoa hiyo povu yote, mzee," alisema polepole.

Alifungua begi, akatoa vikaratasi vya njano vyembamba, vya kupimia ukali wa sabuni. Kimoja alikichovya kwenye mtungi wake wa pili, ambao nilikuwa sijaufungua. Kikawa kijani kibichi, akakiinua kila mtu akione. "Hii ni yangu. Haichomi." Kingine akakichovya kwenye ndoo. Kikageuka zambarau nzito, karibu nyeusi. "Na hii inachoma. Hii ni ya nani?"

Norman akaweka kikombe chini.

"Mutinda, kwani uliweka nini?"

Ningeweza kumwambia ni yeye aliyetaka povu. Nilitafuta mtu wa kumdharau pale kiwanjani, nikawapitia wote mmoja mmoja, nikakosa.

"Kostiki," nikasema.

Muthoni alinisogelea, akaushika mkono wangu kwa upole. "Harusi iko wapi, mzee?"

Nikamweleza: Ujerumani, suti, mashine, kila kitu. Nilimngoja afurahi. Ningekuwa mimi, ningefurahi. Yeye alisema tu, "Pole sana, baba Yvonne," akafunga begi lake, akaondoka. Mitungi hakuichukua.

Jumamosi nilivaa suti ya kijivu nikakaa kwenye kiti cha plastiki cha wateja. Kiwanja kilikuwa kitupu. Wiki nzima nilikuwa nimeosha kwa shampuu peke yake, na Norman alikuwa amehamisha Prado yake kwa jirani, kwenye povu. Binamu ya bwana harusi alinipigia, akaelekeza kamera mlangoni mwa kanisa. Yvonne akaingia akiwa na gauni jeupe. Kando yake alikuwa Syokimau, amemshika mkono, anatembea polepole mno, kama anayemngoja mtu aliyechelewa.

Mchungaji akauliza kwa Kijerumani, kisha mtu akatafsiri: nani anamtoa binti huyu?

"Mimi," alisema Syokimau, "na baba yake."

Yvonne akageuka kuangalia kamera. Alifungua mdomo kuniambia kitu, na hapo mtandao ukakatika, kioo kikawa cheusi, simu ikajifunga.

Nilikuwa na haraka ya kumpigia tena, nikasahau kuifungua kwa namba, nikaweka kidole gumba. Simu ikaandika: haitambuliki, jaribu tena. Nikakipangusa kwenye koti la suti, nikajaribu tena. Ikakataa. Nikajaribu mara ya tatu, taratibu, nikakibonyeza kama Beryl alivyofanya.

Ikakataa. Sikuitukana.