Mama Poni Alisukwa Upande Mmoja

Mtu akiingia kliniki yangu pale Kator na kusema kichwa kinazunguka, mkono wangu ulikuwa unaenda wenyewe kwenye kwinini. Mnisamehe. Ulikuwa mwaka wa pili wa amani, na Juba yote ilikuwa na malaria. Asiyekuwa na malaria alikuwa na taifodi, na asiyekuwa na zote mbili alikuwa bado hajapimwa. Mimi naitwa Aloysius, mtu wa Masaka. Nina diploma ya utabibu, nimeitundika ukutani kwenye fremu kubwa kuliko inavyostahili, na watu wananiita daktari. Sijawahi kuwasahihisha.

Basi Zilpah, Mama Poni, alikuja na kizunguzungu, nikampa kwinini. Kizunguzungu kikabaki palepale, ila sasa masikio nayo yakaanza kulia ngiii, kama jenereta ya jirani. Hiyo ngiii ilikuwa zawadi yangu kwake.

Wiki tatu baadaye, Ijumaa mchana, akarudi. Poni, binti yake, amemshika kiwiko. Nyuma yao anakuja Bwana Robinson, katibu wa kanisa lao. Huyu alisomea Nairobi, na Kiswahili chake kimepigwa pasi.

"Daktari, mimi iko mbaya," Mama Poni akasema. "Kesho harusi ya huyu mtoto, na kanisa inasema mimi nalewa."

"Hatujasema unalewa, mama," Robinson akasema. "Kamati imesema unayumba. Kuyumba kumeonekana Jumapili mbili, mbele ya waumini. Nimetumwa kuhakikisha."

"Kuhakikisha namna gani?" nikauliza.

Akaangalia viatu vyake. "Kunusa."

"Amenusa tayari!" Poni akadakia. "Pale njiani, mbele ya wauza mkaa! Na yeye mwenyewe amekula kitunguu!"

Lazima niseme hapa kwamba kamati haikuokota hilo neno hewani. Kule Adjumani, kwenye kambi ya wakimbizi, Zilpah alilea watoto wanne kwa kupika siko, ile pombe kali inayowaka ukiikaribishia kiberiti. Aliporudi Juba akaokoka, akalitoboa lile pipa la kupikia kwa shoka mbele ya kanisa, watu wakapiga makofi. Sasa mtu wa namna hiyo akishika ukuta Jumapili asubuhi, hakuna anayefikiria sikio.

Na kesho ilikuwa siku yenyewe. Kwao, mama wa bi harusi ndiye anayewatangulia wanawake, wanacheza kutoka lango la kanisa mpaka mbele. Kamati ikikataa, anatangulia shangazi, mama anakaa benchi la mwisho karibu na mlango, na kila mgeni anajua maana yake. Mpaka wajukuu wataambiwa.

"Mimi nakaa nyuma kwa harusi ya Poni?" akaniuliza. "Heri niletwe kwa machela."

Nikamwangalia vizuri, jambo ambalo nilipaswa kulifanya wiki tatu kabla. Alipogeuka kuniitikia hakugeuza shingo. Aligeuka mzima mzima, kama kabati linalobebwa na watu wawili. Halafu kitambaa chake kikateleza. Upande wa kulia, mistari ya nywele imelala safi kabisa. Upande wa kushoto nywele zimesimama zote, kama zimesikia habari mbaya.

"Mama Poni, msusi wako amekimbia?"

"Msusi iko. Mimi ndiyo nimekimbia." Akacheka, halafu akashika meza. "Unajua sisi tunalalia paja ya msusi. Amemaliza huku kulia, sawa. Akasema geuka. Nikaweka sikio ya kulia kwa paja yake... wee daktari! Nyumba yote ikaenda. Nikashika mguu yake, nikatapika kwa gauni."

"Gauni ya harusi," Poni akaongeza. "Ya kesho."

"Ilizunguka muda gani?"

"Mfupi. Kama kusema Baba Yetu moja, haraka haraka."

"Na kitandani?"

"Kitanda nimeachana nayo. Wiki tatu nalala kwa kiti ya plastiki."

Nikajipiga paji la uso mpaka Robinson akashtuka. Sikio la kulia likilazwa chini dunia inazunguka, kidogo tu, halafu inatulia. Msusi alikuwa amepima ugonjwa bila diploma.

"Mama, huna malaria. Ndani ya sikio kuna vijiwe vidogo sana, chembe chembe, vinakusaidia kusimama wima. Vyako vimetoka mahali pake, vimeingia kwenye mifereji. Ukilaza kichwa vinabingirika, na ubongo unadhani wewe ni tiara. Tunaweza kuvirudisha leo hii."

"Kwa sindano?" akauliza, na matumaini. Watu wetu wanapenda sindano.

"Kwa mikono."

Sikumwambia kwamba kazi hiyo nilikuwa nimeifanya mara moja tu, kwa mama mkwe wangu. Na kwetu Buganda mkwe hamgusi mama mkwe, hata kumsogelea ni kosa. Kwa hiyo nilikaa nyuma ya pazia nikipiga kelele, "Kulia! Kulia yake, si yako!" na mke wangu akafanya kazi yote. Kusema kweli, hii ingekuwa mara yangu ya kwanza kwa mkono.

Nikatandika mkeka sakafuni, mto mahali mabega yatakapofika, ili kichwa kining'inie kidogo.

"Katibu, si umetumwa kuhakikisha? Piga magoti hapa. Angalia macho yake, usipepese."

Nikamkalisha Mama Poni mkekani, nikamgeuza kichwa kulia, nikamlaza chini haraka. Moja, mbili, tatu, hakuna kitu. Robinson akaanza kuniangalia mimi. Halafu, "Yesu!" Mama Poni akanishika mkono kama anazama, na macho yake yakaanza kucheza, yanaruka yanarudi, yanaruka yanarudi, kama mtu anayesoma gazeti kwenye gari bovu.

Robinson akarudi nyuma akakalia beseni. "Yanacheza yenyewe!"

"Pombe nayo inachezesha macho," nikamwambia, "lakini pombe haingoji umlaze mtu upande wa kulia. Hesabu."

Akahesabu kwa sauti. Alipofika ishirini na mbili macho yakatulia.

Nikamgeuza kichwa kushoto, tukangoja. Nikamlaza ubavu wa kushoto, uso unaangalia sakafu, tukangoja tena. Poni alikuwa anaomba kwa Kibari. Mimi naomba kwa Kiganda, polepole, kwa sababu ya heshima ya diploma. Nikamkalisha.

"Sasa tunalala tena kulia."

"Wewe iko na wazimu?"

"Mara moja tu, mama yangu."

Akafunga macho, nikamwambia afumbue. Nikamlaza. Tukangoja Baba Yetu moja. Tukangoja mbili. Mama Poni akaangalia dari yangu, buibui wake wote, akaanza kucheka, tumbo linaruka, machozi yanaingia masikioni.

"Imesimama! Dari imesimama! Kwes, kwes, mzuri kabisa! Mniache hapa, nimekumbuka kulala!"

Robinson akatoa kalamu. "Nitaandika kwamba mama hana pombe. Ana mawe."

"Usiandike mawe!" wakasema mama na binti pamoja.

"Watasema nimerogwa," Mama Poni akaeleza. "Andika sikio."

Akaandika sikio, akapiga mstari chini yake. Nikawaonya kwamba vijiwe vinaweza kutoka tena, kwamba usiku huo alalie mito miwili, na kwamba miguu inaweza kuwa mizito siku moja mbili. Mama Poni hakusikia. Alikuwa ameshalala usingizi mkekani.

Jumamosi nikakaa benchi la tatu, jasho linanitoka kuliko bwana harusi. Ngoma ikaanza langoni. Wanawake wakaingia na gauni za manjano, na mbele yao, mbele kabisa, Mama Poni. Alipofika katikati akatupa kichwa nyuma kwa kigelegele, macho juu kwenye mabati. Mimi nikashika benchi kwa mikono miwili.

Hakuyumba hata kidogo. Kigelegele kikatoka kirefu, Poni nyuma yake anacheka ndani ya shela.

Halafu, mbele ya kamati, akazunguka kwa makusudi. Mzunguko mzima, mikono imefunguka. Akasimama wima, akawaangalia. Akazunguka tena, wakapiga makofi. Mzunguko wa tatu akaenda kuufanyia mbele ya Robinson peke yake, karibu kabisa na pua yake.