Vindalu ya Memsabu Noronha

Loise alirudi kutoka kanisani Kaloleni, akavua viatu, akajifunga leso kiunoni, akainjika sufuria. Nyama ya nguruwe ilikuwa imelala tangu jana ndani ya siki, vitunguu saumu na pilipili kavu za kusaga. Vindalu isiyolala si vindalu, ni mchuzi tu. Treni ya Mombasa ilikuwa imeshapiga honi. Memsabu Noronha angefika wakati wowote, na marehemu yule hakupenda kungojeshwa tangu alipokuwa hai.

Alikuwa Mgoa, mke wa karani wa reli, na Loise alimpikia miaka yote waliyokaa Voi. Uhuru ulipokuja na mambo ya pasipoti yakaanza, walifunga masanduku wakaenda zao Goa, kule India, na huko memsabu akafa. Mwaka wa 1974 akaanza kurudi kula. Alisafiri daraja la pili, kama zamani. Wamalwa wa stesheni hakumdai tikiti. Alisema sheria za reli hazijawataja wafu. Mchungaji naye aliuliza tu kama mama huyo anatoa sadaka.

Loise alimpokea kwa moyo wote. Mumewe alizikwa zamani, mwanawe Gibson alipotelea Mombasa kwenye kazi za bandari, na chakula cha mtu mmoja, jamani, hata kukipika ni uchungu. Alitaka jambo moja tu: mtu wa kuketi naye mezani. Kwa memsabu alikuwa akila kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, katika sahani yake ya bati iliyowekwa mbali na vyombo vya wenyewe. Hiyo ndiyo iliyokuwa desturi. Lakini aliyekufa huenda amejifunza nyingine, Loise aliwaza, na akamwagiza Mwandawiro, fundi seremala, amtengenezee kiti cha pili.

Memsabu aliingia bila hodi. Aliketi kwenye kiti cha kwanza, na mkoba wake akauweka juu ya kile cha pili.

"Karibu, memsabu. Habari za safari?"

"Joto. Pakua."

Wafu hula ladha, nyama wanaiacha. Memsabu aliinamia bakuli, akavuta taratibu, na kama kila Jumapili akaeleza anachokula. Kwanza kitunguu saumu. Wareno walikuja nacho Goa, pamoja na nyama yao iliyolowekwa kwenye divai isije ikaoza merikebuni. Kikatoka bakulini. Pilipili nayo ililetwa na hao hao, kutoka ng'ambo ya pili ya dunia. Ikatoka. Mdalasini, karafuu na bizari nyembamba, hiyo ilikuwa mikono ya bibi zake.

"Na siki ya mnazi," akamalizia, "maana divai kwetu haikuwepo."

Loise alisimama kando ya jiko akifuta mikono iliyokwisha kukauka. Siki ya mnazi iliisha mwaka wake wa kwanza wa kazi, na duka halikuwa nayo. Alitia mbangara, ile pombe ya miwa aliyoipika mamake kule Ronge, iliyoachwa mpaka ikachachuka. Memsabu alisifu, wageni wakasifu, na Loise akanyamaza miaka yote. Leo alisema.

"Memsabu, hiyo si ya mnazi. Ni mbangara ya kwetu Ronge. Tangu zamani."

Memsabu akainua uso, akacheka kidogo, kama anayemsikia mtoto akijisifu.

"We Loise! Vindalu na Ronge wapi na wapi? Haya, nimeshiba. Chukua yako ukale."

Loise alingoja. Mkoba haukuondoka kitini. Basi akachukua sahani ya bati, akapakua, akaenda kuketi kizingitini pa nyumba yake mwenyewe, jua likimpiga magotini.

Jirani yake, Ajiambo, alipita na debe la maji kichwani.

"Mama Gibson, mbona wakula nje na nyumba ni yako?"

"Nina mgeni."

"Mgeni gani wa mwaka mzima! Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe."

"Huyu ni marehemu, Ajiambo."

"Kwani marehemu hana mikono?" Akacheka, akaenda zake, maana debe lilikuwa zito.

Loise alitia tonge mdomoni. Kitunguu saumu hakikuwemo, pilipili haikuwemo, wala karafuu. Nyama ilikuwa kama kitambaa kilichochemshwa. Lakini uchachu wa miwa ulikuwemo wote, mkali vile vile. Memsabu hakuuchukua kwa kuwa hakuujua. Loise alimkumbuka mamake. Machozi yakamtoka, naye akayaacha, akaendelea kula mpaka sahani ikaisha.

Ndani, kijiko kiligongwa mezani.

"Loise! Jumapili ijayo ongeza siki. Leo sikuisikia kabisa."

"Ndiyo, memsabu."

Treni ilipomchukua, Loise alikipangusa kiti cha pili, ambacho hakikuwa na vumbi, akakirudisha mezani.