Mswaki wa Kila Raundi

Mama Ndimu alikuwa mwonjaji mkuu wa kiwanda cha juisi kwa miaka kumi na tisa. Jina hilo walimpa wenzake, maana akionja kijiko kimoja tu cha juisi ya ndimu alikuambia asidi imezidi kabla mashine haijamaliza kupima. Ulimi wake ndio uliokuwa ukimweka pale. Na sasa, Jumanne saa tatu asubuhi, alikuwa ameketi mbele ya kikombe kidogo cha juisi baridi akikiogopa kama mtoto anavyoogopa sindano.

Chanzo kilikuwa picha. Meneja alitangaza kwamba sura yake itatokea kwenye pakiti mpya, akitabasamu. Mama Ndimu alirudi nyumbani, akajitazama kwenye kioo, akaona meno yamekolea rangi ya chai, akampigia simu wifi yake mwenye saluni. Wifi mwenyewe hana baya, ila kwake kila tatizo lina dawa ya chupa. Akamletea jeli ya peroksaidi, dawa ya kung'arisha meno, akamwambia aipake nusu saa kila asubuhi kwa siku kumi. Mama Ndimu, kwa pupa yake, akaipaka saa nzima kwa wiki tatu.

Meno yaling'aa kweli. Kisha yakaanza kuuma, maji ya bomba yakawa yanampiga hadi utosini. Ncha za meno zikaanza kupitisha mwanga, na karibu na fizi umanjano ukarudi. Mwenye akili angeacha. Yeye akaongeza jeli.

Jumatatu, jana yake, daktari wa meno alimuuliza hupiga mswaki lini. Akajibu kwa fahari: kila baada ya raundi ya kuonja, mara sita kwa siku, ili ulimi uwe safi. Daktari akaweka kioo chake chini. Akamweleza taratibu kwamba asidi hulainisha enameli, lile gamba gumu la nje ya jino, na mate huhitaji muda kulikaza tena. Ukisugua kabla ya hapo, unalikwangua. Jeli nayo ilikuwa imepenya ndani na kuzidisha maumivu. Ule umanjano haukuwa uchafu, bali ni sehemu ya ndani ya jino inayoonekana kwa sababu gamba limekwisha.

"Litaota tena?" aliuliza.

"Hapana, mama. Tutalinda lililobaki."

Usiku huo hakupata usingizi. Kwa siku nne maumivu yalikuwa yamefunika ladha, naye akawa anachungulia namba za mashine na kuzitaja kana kwamba zimetoka ulimini mwake. Akisema ukweli, kiti kinakwenda. Alijionea aibu.

Akainua macho kutoka kwenye kikombe. Ukutani palikuwa na karatasi aliyoiandika kwa mkono wake mwaka aliopewa ukuu: PIGA MSWAKI KILA BAADA YA RAUNDI. Chini yake, kwenye sinki, waonjaji watano walijipanga na miswaki yao, watiifu kama wanafunzi. Yule wanayemwita Bonge, ambaye jeli hakuwahi hata kuiona, alikuwa akisukutua kwa upande mmoja wa mdomo.

"Tangu lini unasukutua hivyo?"

"Mwezi sasa, dada. Huku kunauma kidogo."

Alisimama, akabandua karatasi ile, akaichana vipande viwili. Ndipo meneja akaingia na mpiga picha, akamuuliza kulikoni anachana utaratibu wa kiwanda.

"Niliuandika mimi," alisema, "na nilikosea."

Meneja akacheka, akasema hayo watazungumza baadaye, kwanza atabasamu kidogo.

Mama Ndimu akageukia mwanga wa dirisha. Akatabasamu, akiinua mdomo hadi fizi na umanjano wa meno vikaonekana vyote, akabaki hivyo mpaka mpiga picha akashusha kamera na meneja akaacha kucheka.

"Mimi siwezi kuonja tena," akasema. "Sasa waangalie meno na hawa."

Akamshika Bonge mkono, akamnyang'anya mswaki.