Kivuli cha Kornelia

Asubuhi hiyo mwalimu Odilia aliwapeleka Darasa la Sita uwanjani wakajifunze uwiano kwa macho. Ilikuwa mwaka 1994, katika shule moja ya milimani juu ya Himo, na jua lilikuwa bado chini. Alisimamisha kijiti cha mita moja, kivuli chake kikawa mita mbili. Cha nusu mita kikatoa mita moja.

"Urefu ukiongezeka mara mbili, kivuli nacho kinaongezeka mara mbili," alisema. "Sasa pimaneni wenyewe."

Watoto walipimana kwa futikamba huku wakicheka. Mfupi, mrefu, wote walipata jibu lile lile: kivuli kikigawanywa kwa urefu, mbili. Kisha ikafika zamu ya Kornelia. Urefu wake ulikuwa mita moja na nusu. Kivuli chake, mita nne.

Mwalimu alidhani futikamba imeteleza. Akapima mwenyewe. Mita nne. Akachomeka kijiti karibu na miguu ya msichana, kijiti kikatoa mbili zake kama kawaida.

"Sogea kidogo, Kornelia."

Kornelia alisogea. Kivuli kilibaki pale pale kwanza, ndipo kikamfuata.

Hakuna aliyecheka tena. Ndelilio, mwanafunzi mwenzake na jirani wa kwao, alisema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, nne gawanya kwa mbili ni mbili. Mtu wa mita mbili ni baba yake."

Baba yake, Leodegar, alikuwa mpagazi wa watalii, na kila mlango aliupita kwa kuinama. Wakati wa masika alipanda mlimani na mizigo, ukungu ukashuka, hakuonekana tena. Mkewe Beatha alikataa asomewe misa ya marehemu. Kila jioni alimwekea chakula.

Baada ya masomo Odilia alimsindikiza Kornelia nyumbani. Beatha alikuwa akikata majani ya ng'ombe kihambani, kwenye migomba ya nyumbani. Aliposikia habari, hakushtuka.

"Nakijua, mwalimu. Nikimsuka nywele uani nakiona. Nikisema nacho, kinainamisha kichwa." Alifuta panga kwa jani. "Mkimsomea baba yake misa, kitaondoka. Nitabaki na nini?"

"Umemuuliza mtoto?"

Beatha alimgeukia binti yake.

"Kizito, mama," Kornelia alisema. "Asubuhi kinanivuta kuelekea mlimani. Siku nyingine nashindwa kuinua miguu. Sikutaka kukwambia."

Beatha aliuangusha mzigo wa majani. Akamshika mwanawe mabega, akamtazama miguuni, kisha usoni, kama mtu anayelinganisha vitu viwili na hataki kuchagua.

"Mwambie padri," alimwambia Odilia hatimaye.

Misa ilisomwa Jumamosi asubuhi. Walipotoka, Beatha alimwomba Odilia apime. Mwalimu alisimamisha kijiti, akapima kivuli chake, akapima cha Kornelia, akapiga hesabu kwenye kiganja.

"Uwiano unalingana, mama Kornelia."

"Hakijazidi hata kidogo?"

"Hata sentimita moja."

Kornelia aliruka papo hapo, akaruka tena, kivuli kikamwitikia bila kuchelewa. Beatha alikitazama kilivyo kifupi, akaketi kwenye ngazi ya kanisa, na kwa mara ya kwanza tangu masika akamlilia mumewe.